Mkojo usiozuilika hupimwaje?

Msikilizaji, Geita na Kahama gramu moja haihitaji maelezo. Mzani mdogo, kama ule wa wanunuzi wa dhahabu, humwezesha pia daktari kujua mkojo unamvuja mgonjwa kiasi gani.

Pedi kavu hupimwa uzito kwanza. Mgonjwa huivaa, hunywa maji nusu lita, kisha kwa saa moja hukaa, hutembea, hupanda ngazi, hukohoa na kuinama. Pedi hupimwa tena. Gramu moja ya mkojo ni karibu mililita moja, na uzito ukiongezeka zaidi ya gramu moja, huhesabiwa kuwa mkojo umevuja.

Lakini mzani hautaji sababu. Anayevuja akikohoa, akicheka au akinyanyua ndoo, mara nyingi misuli ya nyonga imelegea, na mazoezi humsaidia. Anayevuja usiku na mchana bila kukoma, hasa baada ya uchungu wa muda mrefu, huenda ana fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Hapo pamba huwekwa ukeni na maji ya rangi ya bluu huingizwa kibofuni kwa mpira wa mkojo. Pamba ikitoka na bluu, kibofu kina tundu. Ikilowa mkojo usio na bluu, daktari huchunguza mirija inayotoka kwenye figo.

Nchi za nje kuna vifaa vya kubandika kwenye nepi, vinavyotuma taarifa kwenye simu nepi ikilowa. Vinamfaa muuguzi mwenye wazee wengi kitandani. Kwa mama wa Kishapu tunaona daftari lina faida zaidi: siku tatu aandike saa, alichokunywa, alivyokojoa na alivyolowa.

Aliyeanza kuvuja siku chache baada ya kujifungua awahi kituo cha afya. Tundu dogo likiwahiwa huweza kuziba lenyewe akikaa na mpira wa mkojo wiki kadhaa. La zamani huhitaji upasuaji. Kanda ya Ziwa upo Bugando, Mwanza. CCBRT ya Dar es Salaam hutibu fistula bila malipo, na mwaka 2009 ilianza kutuma nauli za wagonjwa kwa M-Pesa.

Wakati akisubiri safari, asipunguze maji ya kunywa ili asilowe. Mkojo ukiwa mkali huchubua ngozi zaidi.