Alama Zilizowekwa kwa Ajili ya Mgeni: Vialama vya Herufi na Majina ya Karagwe

Mwaka 1860, kitabu cha Richard Burton juu ya nchi za maziwa ya Afrika ya Kati kilipochapwa London, wasomaji wa Kiingereza walikuta ndani yake nchi iitwayo Karagwah na mtawala wake aitwaye Armanika. Burton hakufika katika nchi hiyo. Habari zake alizipata kwa wafanya biashara wa Kiarabu huko Kazeh, karibu na Tabora ya leo. Miaka mitatu baadaye John Hanning Speke, ambaye alikuwa amepokewa na mtawala huyo mwezi wa Novemba 1861 pamoja na mwenzake James Grant, aliiandika nchi ile ile Karagué, na mwenyeji wake akamwita Rumanika. Henry Morton Stanley, aliyefika huko mwaka 1876, aliandika Karagwé. Wenyewe husema Karagwe, na Omukama aliyewapokea wageni hao ni Rumanyika. Nchi ilikuwa moja na mtu alikuwa mmoja. Masikio ndiyo yaliyokuwa mengi, na kila sikio liliacha alama yake katika karatasi.

Katika tofauti hizo, ndogo kupita zote ni kile kijistari juu ya herufi ya mwisho ya Karagwé. Msomaji wa leo aweza kudhani kwamba Stanley alisikia mkazo au sauti ya juu mwishoni mwa jina, akataka kuihifadhi. Sivyo. Kijistari hicho hakisemi neno lo lote juu ya matamshi ya Wanyambo. Kinasema juu ya tabia ya Kiingereza. Katika lugha hiyo herufi e ikiwa mwisho wa neno aghalabu haitamkwi, na msomaji asiyeonywa angeitupa, akabaki na jina lisilo na mkia. Alama ile ni onyo: hapa pana sauti, usiipite. Hata h ya Burton katika Karagwah, iliyofuata desturi ya kuandika majina ya Kiarabu kwa herufi za Kizungu, ilifanya kazi iyo hiyo ya kulinda irabu ya mwisho isipotee. Mnyambo hakuhitaji onyo hilo hata kidogo. Aliyelihitaji ni mgeni.

Hapo ndipo penye siri ya vialama vyote. Huwekwa mahali ambapo mwandishi ana shaka na msomaji wake. Kwa sababu hiyo, historia ya vialama ni historia ya wasomaji kuliko historia ya sauti.

Wagiriki wa zamani waliandika kwa karne kadhaa bila alama juu ya irabu zao, ijapokuwa lugha yao ilikuwa na kupanda na kushuka kwa sauti. Hawakuwa wazembe, kila aliyesoma aliujua wimbo wa lugha tangu alipokuwa mgongoni mwa mama yake. Kigiriki kilipoenea mpaka Misri na Shamu, kikawa lugha ya watu wengi waliojifunza ukubwani, shaka ikaingia. Aristofane wa Byzantion, aliyeitunza maktaba ya Aleksandria karibu na mwaka 200 kabla ya Kristo, ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa alama tatu: moja ya sauti ya juu, ya pili ya sauti ya chini, na ya tatu ya sauti ipandayo kisha ishukayo. Jina la jumla la alama hizo lilikuwa prosodia, yaani wimbo uandamanao na maneno. Warumi walilitafsiri jina hilo sehemu kwa sehemu, wakapata accentus, ambalo maana yake ni ile ile. Neno hilo sasa limo katika lugha nyingi za Ulaya, lakini wengi walitumialo hawakumbuki kwamba ndani yake mna wimbo.

Majina ya alama tatu nayo yalitafsiriwa: kali, nzito, na iliyopindwa. Majina yalisafiri yakabaki vile vile. Kazi zilibadilika kila bandari. Alama kali katika Kihispania huonyesha mkazo. Katika Kicheki na Kihungari huonyesha irabu ndefu. Katika Kifaransa hubadili namna ya kutamka e. Katika Karagwé ya Stanley huonya tu. Alama iliyopindwa katika Kifaransa mara nyingi ni kaburi la herufi: hôpital na forêt zina kofia mahali ambapo zamani palikuwa na s. Ama ile alama ya mawimbi juu ya ñ ya Kihispania, asili yake ni n ndogo iliyopandishwa juu ya mwenzake ili kuokoa nafasi. Jina lake, tilde, limetoka katika neno la Kilatini titulus. Na Wahispania wenyewe hulitumia jina hilo hata kwa alama kali, kana kwamba ndugu wawili wameitwa jina moja.

Yako pia majina yanayovaa vazi lake na yako yasiyolivaa. Wacheki huita alama ya č háček, yaani kijindoana, na jina lenyewe linabeba ndoana hiyo. Wavietinamu wana majina ya namna hiyo: sắc, yaani kali, limevaa alama kali, nặng, yaani nzito, lina nukta yake chini. Hapo pana jambo la kuchekesha kidogo, kwa kuwa alama nzito ya Wafaransa imekaa juu ya herufi na ile ya Wavietinamu imekaa chini yake. Jina la Kifaransa cédille, kinyume chake, lina alama kali juu, lakini ile alama linayoitaja halina.

Mtu wa Afrika ya Mashariki hana haja ya kwenda mbali kutafuta mambo haya. Katika Kiarabu pia maandishi ya kwanza hayakuwa na alama za irabu. Uislamu ulipoingia kwa watu wasiozaliwa na Kiarabu, makosa ya kusoma Kurani yakatia hofu. Abu al-Aswad al-Du'ali, aliyefariki mwaka 688, anatajwa kuwa ndiye aliyetia nukta za rangi. Na katika karne ya 8 al-Khalil bin Ahmad, mwanachuoni wa Basra ambaye asili yake ni Oman, akaleta alama zinazojulikana leo: fataha, yaani kufungua, kasra, yaani kuvunja, na dhumma, yaani kukusanya. Majina haya hayatoki katika umbo la alama bali katika kinywa na midomo ya msemaji.

Kiswahili kilipokea majina hayo na kuyapa kazi mpya. Katika sarufi ya Kiarabu, irabu ni mabadiliko ya mwisho wa neno yaonyeshayo kazi yake katika sentensi. Chuoni, kutia irabu kukawa ni kutia alama za sauti. Na sasa irabu kwa Mswahili ni zile sauti tano zenyewe. Shadda, alama ya kukaza konsonanti, wataalamu wa matamshi wameifanya jina la mkazo wa neno. Ritifaa, yenye asili ya kupanda na kuinuka, ni kile kialama cha ng'ombe na ng'ambo. Hicho karibu ndicho kialama pekee kilichopewa makao ya kudumu katika Kiswahili cha herufi za Kilatini. Kwingineko Kiswahili kiliunganisha herufi: ny, sh, dh, gh. Hata barabara, ambayo ni njia mkazo ukiwa katika silabi ya pili kutoka mwisho, na ni sawasawa mkazo ukirudi nyuma, haikutiwa alama. Msomaji anaaminiwa.

Njia hiyo ya kuunganisha herufi yaonyesha thamani ya y iliyokosekana katika Rumanika. Katika lugha za Karagwe na jirani zake, okumanya ni kujua. Ondoa y katika Rumanyika, na ule ujuzi unaosikika ndani ya jina umetoka. Leo herufi hiyo imerudi kwake: hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 2019 inaitwa Rumanyika-Karagwe. Nyingine ya mwaka huo huo ni Ibanda-Kyerwa, na Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, ina ky ambayo Kiswahili kwa kawaida kingeigeuza ch, kama ki-ombo kilivyokuwa chombo. Majina hayo yameandikwa kwa sikio la wenyeji.

Lakini herufi peke yake haitoshi. Runyambo ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno, si pambo lake. Ng'ambo ya mto Kagera, katika Kinyarwanda, neno liandikwalo inda ni tumbo au ni chawa, na linalotenganisha mawili hayo ni sauti. Wataalamu wanaotafuta asili ya lugha za Kibantu huandika shina la tumbo kwa alama nzito, -dà, na shina la chawa kwa alama kali, -dá. Alama za Aleksandria zimepata kazi yake ya kwanza tena katika bara ambalo wabunifu wake hawakulijua. Katika uchunguzi wa Kihaya, ndugu wa karibu wa Runyambo, uliotolewa mwaka 1977 na Ernest Byarushengo, Alessandro Duranti na Larry Hyman, alama hizo zilitumiwa kwa uangalifu. Josephat Rugemalira naye ametoa msamiati wa Runyambo mwaka 2002 na sarufi yake mwaka 2005.

Nje ya vitabu vya wataalamu, lugha hizi huandikwa bila alama za toni, na kwa muda mrefu hapakuwa na hasara. Barua ya Mnyambo kwa Mnyambo haikuhitaji kumfundisha mpokeaji wimbo alioujua. Sasa msomaji amebadilika. Watoto wa Karagwe na Kyerwa husoma shuleni kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza. Runyambo haifundishwi darasani, na wengi wanaohamia mijini hulea watoto ambao husikia lugha ya babu zao wakati wa likizo na misiba. Mtoto wa namna hiyo akifungua mkusanyo wa methali au majigambo ya kwao, ataona herufi zote, wala hatajua wapi sauti ipande na wapi ishuke. Katika nyumba yake mwenyewe amekuwa yule msomaji wa Stanley.

Hapo Wavietinamu wana fundisho. Alama zao zilitungwa na wamisionari wa Ulaya waliojifunza lugha kwa taabu, na kamusi ya Alexandre de Rhodes iliyochapwa Roma mwaka 1651 ilizieneza. Zilikuwa magongo ya mgeni. Katika karne ya 20 maandishi hayo yakawa mali ya taifa zima, na mtoto wa Hanoi huyajifunza kama haki yake. Wagiriki nao walipunguza alama zao mwaka 1982 wakabakiza moja ya mkazo, kwa kuwa sauti zilizowakilishwa na zile nyingine zilikuwa zimekufa zamani. Alama zao za kale ndizo ushahidi kwamba sauti hizo zilikuwako.

Si lazima kila barua wala kila tangazo la Runyambo litiwe alama. Kamusi, methali, nyimbo na majina ya watu wa kale yanastahili kutiwa, na kazi hiyo ina wakati wake. Mwandishi aweza kunakili herufi kutoka katika karatasi ya zamani baada ya miaka 100, lakini toni hainakiliwi kutoka mahali ambapo haikuandikwa. Hupokewa kwa mdomo wa mtu aijuaye, na mtu huyo ni mzee ambaye bado yuko Bweranyange, Kayanga au Kyerwa. Al-Du'ali hakungoja mpaka wasomaji wote wakosee. Alianza aliposikia kosa la kwanza. Katika Karagwe makosa ya kwanza yamekwisha kusikika.