Sekunde 24 za Hixon

Magazeti yetu yana sentensi moja ambayo ningeweza kuiandika nikiwa usingizini: chanzo cha ajali ni uzembe wa dereva. Huandikwa jioni ileile, kabla vyuma havijapoa, na mara nyingi hufuatana na nyingine: dereva alitoroka baada ya tukio. Lori likigongwa na treni ndiyo kabisa. Treni haina usukani, haikwepi. Lori ndilo lililoweza kusimama. Kesi imekwisha.

Nami niliamini hivyo mpaka nilipokutana na habari za Hixon.

Hixon ni kijiji cha Staffordshire, Uingereza. Kando yake kulikuwa na uwanja wa ndege wa wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, ambao baadaye ulitumika kama ghala la mizigo mikubwa. Ili kuufikia, gari lilivuka reli. Na reli yenyewe haikuwa ya mchezo: ni sehemu ya njia ya Manchester kwenda London, iliyokuwa imetoka kutiwa umeme, treni za kasi zikipita chini ya nyaya za volti 25,000.

Jumamosi ya tarehe 6 Januari 1968, mzigo ulitoka kiwanda cha English Electric mjini Stafford kwenda kwenye ghala hilo. Ulikuwa transfoma ya tani 120. Kampuni iliyoubeba, Robert Wynn & Sons, ilikuwa na jina kubwa katika kazi hiyo ya mizigo isiyobebeka. Transfoma ilikaa juu ya trela la chini, aina ambayo madereva wetu huiita lobedi, lenye vichwa viwili: kimoja kikivuta mbele, kingine kikisukuma nyuma. Kuanzia pua hadi mkia, msafara ulikuwa na urefu wa karibu mita 45, na uzito wake wote ulizidi tani 160. Polisi walikuwa mbele wakiwafungulia njia. Hakuna aliyekuwa amelewa, hakuna aliyekuwa akikimbizana na muda.

Dereva alipofika kwenye kivuko alitazama juu. Ndivyo ambavyo dereva yeyote mwenye akili angefanya. Mzigo ulikuwa mrefu, na zile nyaya zingeweza kuua hata bila kuguswa. Akapunguza mwendo mpaka kiasi cha maili 2 kwa saa, pungufu ya mwendo wa mtu anayetembea, ili ahakikishe mzigo unapita salama. Yaani aliongeza tahadhari. Tahadhari hiyo ndiyo iliyomweka relini kwa muda mrefu zaidi.

Hapa inabidi tufanye hesabu kidogo. Kwa mwendo huo, msafara wa mita 45 unahitaji takriban sekunde 50 kupita tu urefu wake wenyewe, bado upana wa reli mbili. Kivuko cha Hixon kilikuwa cha aina mpya, cha kujiendesha. Treni ilipokanyaga swichi iliyokuwa relini umbali wa yadi 1,000, kengele zililia na taa nyekundu zikaanza kumweka. Baada ya sekunde 8 vizuizi vilianza kushuka. Na tangu taa iwake mpaka treni ifike kivukoni zilikuwa sekunde 24. Basi. Kwa gari dogo zinatosha na kubaki. Kwa transfoma ile, hata zingeongezwa maradufu zisingetosha.

Taa ziliwaka kichwa cha mbele kikiwa kimeshavuka, trela likiwa katikati ya reli. Kurudi nyuma kulikuwa hakuwezekani. Yule wa mbele alikanyaga mafuta, na yule wa nyuma, ambaye alikuwa upande ule ambao treni ingempata, naye akasukuma badala ya kuruka nje. Treni ya Manchester ilifika ikiwa na kasi ya zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Ililikata trela, ikaitupa transfoma pembeni, mabehewa yakarundikana. Walikufa watu 11, akiwemo dereva wa treni, na 45 wakajeruhiwa.

Huku kwetu habari ingeishia hapo. Wao pia walikuwa na njia ya mkato: kwa kawaida ajali ya reli huchunguzwa na maofisa wakaguzi wa reli walio chini ya Wizara ya Uchukuzi. Lakini wakaguzi haohao ndio waliokuwa wameidhinisha vivuko vya aina hii. Wangejichunguza? Serikali ikamteua mwanasheria, Brian Gibbens, aendeshe uchunguzi wa hadhara. Mara ya mwisho ajali ya reli kupewa uchunguzi wa namna hiyo ilikuwa baada ya daraja la mto Tay kuanguka na treni yake mwaka 1879.

Swali lililotawala vikao lilikuwa la simu. Pale kivukoni kulikuwa na simu. Dereva mwenye mzigo mzito au wa polepole alitakiwa asimame, ampigie mwongoza ishara, aambiwe kama njia ni nyeupe. Angepiga, treni ingezuiwa mbali huko. Sasa angejuaje? Kwa kibao. Na kibao chenyewe kilikuwa kidogo, maneno mengi, kimewekwa mahali ambapo mtu aliye kwenye usukani, macho yake yakiwa kwenye nyaya, asingekisoma. Madereva hawakujua. Polisi waliowasindikiza hawakujua. Taarifa zilikuwa zimetumwa, ila zilikwama maofisini, kama karatasi zinavyokwama.

Kuna jambo lililonifanya niufunge ukurasa kwa muda. Zaidi ya mwaka mmoja kabla, gari jingine la Wynn lilikuwa limeponea chupuchupu kwenye kivuko cha aina hiyohiyo huko Leominster. Kampuni iliwaandikia watu wa reli kueleza hatari hiyo. Jibu lililorudi lilikuwa la dharau: shida ni ya wenye malori, wajiangalie. Ripoti ya Gibbens, iliyotoka mwaka huohuo wa 1968, haikulifumbia macho jibu hilo. Wala haikuwaachia kampuni: wao walikuwa wameshaonja hatari, na bado hawakuwafundisha madereva wao kuhusu simu.

Tukumbuke vivuko hivi vilikuja kuchukua nafasi ya nani. Zamani geti la reli lilikuwa na mtu, mlinda geti, na geti lake lilifungamana na ishara za treni. Barabara ikiwa wazi, treni haipewi njia. Mtu huyo aliigharimu reli mshahara, na magari yalipoongezeka foleni zikawa kero. Maofisa walikwenda Ulaya bara kujifunza, na kivuko cha kwanza cha kujiendesha kilifunguliwa mwaka 1961 huko Spath, mkoa uleule wa Staffordshire. Kwa hesabu za jumla ulikuwa uamuzi wenye mantiki, siwezi kusema vinginevyo. Lakini mlinda geti alikuwa na kitu ambacho swichi haina: macho. Angeliona lile dude likijongea, angelifungia treni bila kusoma kibao chochote. Alipoondolewa, kazi yake haikufutika. Ilihamishiwa kwa dereva wa lori, na hakuna aliyemwambia.

Baada ya ripoti, taa ya njano iliongezwa ili iwake kabla ya nyekundu, na vibao vikubwa vikasimamishwa barabarani kabla ya kivuko, pamoja na mahali pa kuegesha. Siku hizi kwenye vivuko kama hivyo dereva wa Uingereza mwenye gari refu, pana, zito, au lisiloweza kuzidi maili 5 kwa saa, anasoma akiwa bado mbali kwamba lazima apige simu na apewe ruhusa. Anaegesha, anashuka, anaeleza amebeba nini. Akishavuka, anapiga tena kusema amepita, na huko upande wa pili kuna mtu anayesubiri kusikia hivyo.