Mbwaa Ni Manda, Si Misri

Siku hizi ni vigumu kuzungumzia asili ya Wameru bila mtu kuipeleka safari yetu Misri, au Meroe kule Sudan, au ng'ambo ya Bahari ya Shamu. Hoja huwa zile zile: jina linafanana, na kisa cha mababu kuvuka maji kinafanana na cha Musa. Nimechoshwa nazo. Zinatunyang'anya mahali halisi, tena pa karibu, ambapo mtu wa Maua au Chogoria anaweza kufika kwa basi na boti.

Kisa chenyewe kinajulikana. Mababu waliishi Mbwaa, kisiwani, wakatawaliwa na Nguuntune, watu wa mavazi mekundu. Wakapewa kazi zisizowezekana: kiatu cha ngozi chenye manyoya pande zote mbili, mkuki wa kufika mawinguni. Kiongozi wao, Koomenjwe, akawatoa usiku. Waliovuka gizani ndio ukoo wa Njiru, wa alfajiri Ntune, na waliofika jua limewaka Njeru. Kisha wakaufuata mto Tana hadi nyanda za Tharaka, wakapanda mlima.

Lakini wasimulizi wa zamani walitaja jambo ambalo wapenzi wa Misri hulipita mbio. Maji ya Mbwaa, walisema, yalikuwa na kawaida ya kwenda malishoni kula nyasi, kisha kurudi. Mtu yeyote wa pwani ataelewa mara moja: hayo ni maji kupwa na kujaa. Kaskazini mwa Bahari ya Shamu, maji hupanda na kushuka kidogo sana. Lamu, wakati wa bamvua, tofauti hufika kama mita 3. Kati ya kisiwa cha Manda na bara upo mlango wa Mkanda, mwembamba, uliobanwa na mikoko, ambao zamani maji yakitoka hata jahazi lilikuwa likikwama. Husimuliwa kwamba hata tembo walikuwa wakivuka kutoka bara kwenda Manda. Umati wa watu na mifugo haukuhitaji bahari ipasuke. Ulihitaji kiongozi anayejua saa za maji.

Jeffrey Fadiman, aliyewahoji wazee wetu na kuchapisha kitabu chake mwaka 1993, aliiweka Mbwaa hapo hapo Manda, mahali paitwapo Mbwara Matanga, na kuondoka kwa mababu akakukadiria mwanzoni mwa karne ya 18. Kuhusu mahali, nakubaliana naye. Nisiokubaliana nao ni wale wanaosoma habari hiyo na kuamua haraka kwamba Nguuntune walikuwa Waarabu wa Omani. Ngome ya Lamu, alama kubwa ya utawala wa Omani katika visiwa hivyo, ilijengwa baada ya vita vya Shela, katika miaka ya 1810, yaani karibu karne nzima baadaye. Kabla ya hapo mwenye nguvu katika visiwa hivyo alikuwa Pate, mji wa Waswahili wenyewe. Anayetaka kumtafuta aliyewatumikisha mababu aanze huko.

Nenda Takwa, upande wa kusini wa Manda, uone wakati wenyewe ulivyokuwa. Ndani ya ukuta wa mji kuna msikiti wenye nguzo ndefu juu ya kibla, na nje ya ukuta huo kuna kaburi la nguzo lenye tarehe inayoangukia miaka ya 1681 na 1682. Baada ya hapo mji ulihamwa. Watu wake wakaenda Shela, ng'ambo ya maji, na hadi leo watu wa Shela huja kwenye kaburi hilo kuomba mvua. Huenda walihama kwa sababu kisiwa cha Manda hakina maji matamu ya kutosha. Basi karibu na wakati ambao simulizi zetu zinawatoa mababu Mbwaa, mawe ya Manda yanaonyesha watu wakikihama kisiwa. Meroe ilikuwa imeanguka zaidi ya miaka elfu moja kabla.

Kufika si kazi. Kutoka Nairobi ndege hutua Manda kwenyewe, ukavuka kwa boti hadi Lamu. Kwa barabara unapita Malindi na Garsen hadi Mokowe, halafu boti. Mjini Lamu utatembea kwa miguu, maana vichochoro ni vya watu na punda. Kwenda Takwa, muulize nahodha saa za maji kabla ya kupatana bei: mkono wa bahari unaoelekea huko haupitiki maji yakitoka.

Jirani zetu wa Embu hawasumbuliwi na Misri. Asili yao wanaiweka kwa babu yao Mwene Ndega, katika kijisitu kilicho karibu na Runyenjes, na mgeni huonyeshwa. Nasi tungeweza kufanya vivyo hivyo Manda.

Na leo njia ya kutoka pwani hiyo hadi kwetu inapangwa tena. Gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilizinduliwa Mei 2021, na njia iliyopangwa kutoka hapo inapita Garissa hadi Isiolo, mlangoni mwa Meru.

Naiomba Makumbusho ya Taifa, inayotunza Takwa, isimamishe hapo bango linaloeleza kisa cha Mbwaa. Na wazee wa Njuri Ncheke, baraza letu la wazee lenye makao Nchiru, wapelekwe Manda, wasimulie wakiwa wamesimama ufukweni, na warekodiwe.