Kuificha kampuni ya bima makosa ya barabarani: hasara ni ya nani?

Anayekata bima ya gari Lilongwe hujaza fomu ya maombi. Miongoni mwa maswali yake huwa yapo yanayomhusu dereva: amewahi kutiwa hatiani kwa kosa la barabarani? Amewahi kufungiwa leseni? Amewahi kupata ajali? Wengi hujibu "hapana" upesi upesi, au humwachia wakala amalizie. Siku ya madai, kampuni huanza kwa kuifungua fomu hiyo.

Alama za adhabu

Ni njia ya kuhesabu makosa ya dereva kwenye leseni. Uingereza, kosa la mwendo kasi huleta alama 3 hadi 6, na anayefikisha alama 12 ndani ya miaka 3 hukabiliwa na kufungiwa leseni. Afrika Kusini ilitunga sheria ya mfumo huo mwaka 1998, na mwaka 2023 Mahakama yake ya Katiba iliamua kuwa ni halali. Pasipo na alama, kampuni huuliza jambo lile lile kwa maneno mengine: hukumu, faini, kufungiwa leseni.

Sheria inasemaje

Malawi, Zambia, Tanzania, Kenya na Uganda zilirithi misingi ya bima kutoka Uingereza. Mwaka 1766, katika kesi ya Carter dhidi ya Boehm, Jaji Mansfield alieleza kuwa anayeomba bima ndiye anayezijua habari zake, hivyo hana budi kutaja kila jambo zito linaloweza kubadili uamuzi wa kampuni au kiwango cha ada. Akilificha, kampuni inaweza kuufuta mkataba tangu siku ya kwanza.

Chini ya msingi huo wa zamani, si lazima jambo lililofichwa liwe ndilo lililoleta hasara. Aliyeficha adhabu ya mwendo kasi anaweza kunyimwa fidia hata kama gari limeibwa likiwa limeegeshwa.

Uingereza yenyewe imelegeza kamba kwa wateja wa kawaida, kwa sheria ya mwaka 2012 iliyoanza kutumika Aprili 2013. Aliyedanganya kwa makusudi hupoteza yote. Aliyekosea kwa uzembe, na ambaye kampuni ingemkatia bima kwa ada kubwa zaidi, hulipwa kwa uwiano. Tuchukue mfano kwa kwacha: ada iliyolipwa ni 600,000, iliyostahili ni 800,000, na hasara ni 12,000,000. Mteja atapata robo tatu, yaani 9,000,000. Kwa msingi wa zamani angeweza kukosa zote.

Aliyegongwa je?

Bima ya mtu wa tatu ni ya lazima kwa ajili ya kumlinda mwananchi aliyeumizwa. Kenya, kwa mfano, Sura ya 405 huitaka kampuni imlipe aliyeshinda kesi, isipokuwa imepata tamko la mahakama kwamba ina haki ya kuufuta mkataba. Kampuni ikilipa deni ambalo isingelipa kwa mkataba wenyewe, inaweza kumgeukia mwenye gari.

Kwa magari yanayovuka mpaka wa Songwe na Kasumulu kuelekea Mbeya na Dar es Salaam, hatari ni kubwa zaidi. Kadi ya Njano ya COMESA, iliyoanza kazi mwaka 1987, hutambuliwa pia Tanzania, ingawa nchi hiyo ilijitoa COMESA mwaka 2000. Lakini kadi hiyo husimama juu ya bima ya nyumbani, na bima ya nyumbani husimama juu ya fomu.

Mambo ya kuzingatia

Mwenye basi dogo Area 36, au mfanyabiashara wa Dzaleka anayekodi lori, azingatie haya:

1. Taja madereva wote. Rekodi safi ya mwenye gari haifuti ya dereva wake.

2. Taja makosa ya nje. Alama hazivuki mpaka pamoja na leseni, lakini hukumu iliyotolewa Tanzania au Kongo ni hukumu, na swali la fomu halitaji nchi.

3. Usiweke sahihi usichokielewa. Fomu huwa ya Kiingereza, na anayezungumza Kiswahili aombe kutafsiriwa swali kwa swali. Kwa kawaida sahihi humfunga mteja hata kama mwandishi ni wakala.

4. Kila unapohuisha bima, wajibu huanza upya. Kosa la mwaka huu litajwe kwenye bima ya mwaka ujao.

5. Tunza nakala ya fomu na risiti. Ukinyimwa fidia isivyo haki, lalamika kwanza kwa kampuni, kisha Benki Kuu ya Malawi, inayosimamia kampuni za bima.

Aliyekwisha kuficha aandike barua sasa, kabla ya ajali. Kampuni inaweza kuongeza ada, au hata kuukataa mkataba. Hiyo ni hasara, lakini bado ana nafasi ya kutafuta bima nyingine. Baada ya ajali nafasi hiyo haipo.