Maji ya Kisima na Karatasi ya Tatu: Safari ya Kemia Kusini mwa Pwani

Januari 2026 watoto wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10, kila mmoja na njia yake: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Serikali inataka asilimia 60 wafuate sayansi. Kwa hiyo kemia, somo ambalo kwa miaka mingi karibu kila mtahiniwa wa KCSE amelifanya apende asipende, sasa ni la kuchagua. Mzazi wa Msambweni anayekaa na mwanawe kuchagua njia hana budi kuuliza jambo ambalo wazazi wa huku wamekuwa wakiliuliza tangu uhuru: hiyo shule ina maabara?

Swali hilo ndilo lililonipeleka Gazi, kwa mzee aliyefundisha kemia katika shule kadhaa za Kwale tangu miaka ya 1970 mpaka alipostaafu. Ameniomba nisiandike jina lake, nami nitamwita Mwalimu, kama anavyoitwa na kijiji kizima. Nilipomwamkia shikamoo hakunikaribisha kiti. Alivaa kofia yake, akachukua mkongojo, akasema kama nataka historia ya kemia basi tutembee, maana haianzi shuleni.

Alinipeleka kwenye nyumba ya Sheikh Mbaruk. Kila anayeijua Gazi anaijua nyumba hiyo. Sheikh Mbaruk bin Rashid al-Mazrui aliufanya mji huu makao yake, akapigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896, akashindwa, akavuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani, akafia Dar es Salaam mwaka 1910. Baadaye nyumba ikageuzwa shule. Lakini Mwalimu hakuwa na haja na vita. Aliweka kiganja ukutani, pale lipu ilipobanduka, akanionyesha mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, akaniambia niguse. Chokaa hiyo, alisema, haikutoka dukani.

Tanuu la chokaa lilipangwa hivi. Magogo hulazwa kwa duara, tabaka juu ya tabaka, vipande vya matumbawe vikarundikwa juu, moto ukawashwa katikati. Joto likipita digrii 800, jiwe huachia hewa yake na kubaki jeupe, jepesi kuliko lilivyoingia. Likimwagiwa maji hufoka, likatoa mvuke, likavunjika kuwa unga. Mafundi wa Pwani waliijua kazi hii karne nyingi kabla ya kitabu cha kwanza cha kemia kuteremshwa bandarini Mombasa. Mwanafunzi wa leo hukariri mambo yaleyale kwa jina la kalsiamu kaboneti inayogeuka oksidi, na oksidi inayogeuka hidroksidi, na mara nyingi hakuna anayemwambia kwamba babu zake walikuwa wakifanya hivyo ufuoni.

Nasi tusisahau tambuu. Bibi anayepaka chokaa kwenye jani, akatia popoo, akatafuna, mate yake huwa mekundu kwa sababu chokaa ni alkali na popoo ina vitu vinavyobadilika rangi vikikutana na alkali. Hilo lilikuwa somo la viashiria la Kidato cha Kwanza. Badala yake mtoto alionyeshwa karatasi ya litmasi, kipande kimoja kikipitishwa dawati kwa dawati.

Mkoloni hakuwa na nafasi kwa haya. Tume ya Phelps-Stokes ilipita Afrika Mashariki mwaka 1924 ikapendekeza Mwafrika afunzwe kilimo, ufundi na usafi. Shule ziligawanywa kwa rangi, Mzungu kwake, Mhindi kwake, Mwarabu kwake, Mwafrika kwake, na maabara zikafuata mgawo huohuo. Kijana wa Kidigo aliyetaka kushika bureti ilimbidi avuke kivuko cha Likoni, tena awe na bahati.

Uhuru ulipokaribia, walimu wakaletwa kwa ndege. Kuanzia 1961 mpango wa Teachers for East Africa ulileta mamia ya vijana wa Kimarekani na Kiingereza, wakafuatwa na wale wa Peace Corps. Kitabu kilikuwa cha Holderness na Lambert, kizuri kwa kweli, ila kiliandikiwa mtoto wa Uingereza mwenye bomba la gesi kwenye meza yake. Kisha likaja wimbi la kumtaka mwanafunzi agundue mwenyewe badala ya kumezeshwa, lililoanzia Uingereza kwa jina la Nuffield na kufika kwetu kama School Science Project. Lilihitaji vifaa, na vifaa vilikuwa kwa wachache.

Wengi walikuwa kwenye shule za harambee. Katika miaka ya 1970 shule hizi zilizidi za serikali kwa idadi. Wazazi walitoa mbuzi, nazi na jasho, madarasa yakasimama, lakini maabara haijengwi kwa nazi. Nyingi zilifundisha masomo ya sanaa kwa sababu chaki na ubao vinayatosha. Haki yao tuwape wazazi hao: walijenga walichoweza.

Mwalimu mwenyewe ni zao la Kenya Science Teachers College, chuo kilichoanzishwa Nairobi katikati ya miaka ya 1960 kwa msaada wa Sweden. Akikitaja, sauti yake inapanda. Anasema pale mwanafunzi hakuhitimu mpaka mikono yake ijue kazi: kukata mirija ya kioo, kuipinda kwenye moto, kutengeneza mizani kwa mbao na waya, kugeuza chupa ya wino kuwa taa ya spiriti. Chuo hicho kilimezwa na Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2007. Mwalimu anaamini siku hiyo Kenya ilipoteza mahali pekee palipomfunza mwalimu wa sayansi kwa mikono, nami baada ya kukaa naye siku nzima nimeshindwa kumpinga.

Mwaka 1985 ukaja mfumo wa 8-4-4, sayansi ikawekwa mbele kila mahali. Shule zisizo na maabara ziliruhusiwa kufundisha fizikia na kemia zikiwa zimeunganishwa kuwa somo moja. Lilisaidia, lakini aliyelifanya aliona milango ya udaktari na uhandisi ikifungwa mbele yake, na mapitio ya mtaala mwanzoni mwa miaka ya 2000 yakaliondoa. Tangu hapo kila shule, yenye bureti na isiyo nayo, hukutana na Karatasi ya Tatu: majaribio ya maabara, saa 2 na dakika 15, alama 40 kati ya 200.

Hapa ndipo Mwalimu aliponisimulia habari ya maji.

Kabla ya mtihani wa majaribio shule hupelekewa maelezo ya siri yanayoitwa konfidenshali, yenye orodha ya kemikali na namna ya kuzichanganya. Hutakiwa maji yaliyokenekwa, yasiyo na chumvi yoyote. Katika shule moja ya kusini alikofundisha, hayakuwapo. Mwalimu mkuu wa wakati huo aliiangalia bei ya madumu kutoka Mombasa akaifuta kwenye bajeti. Kwake maji ni maji, na kisima kilikuwa uani.

Anayekijua kisima cha ukanda huu anajua ladha yake. Chini ni mwamba wa matumbawe, na bahari haiko mbali. Maji hutoka na kalsiamu ya mwamba na kloridi ya bahari. Sabuni haitoi povu, sufuria ya chai hugandia utando mweupe. Sasa mchukue mtahiniwa aliyepewa chumvi asiyoijua, anatakiwa kuitambua. Anaiyeyusha kwa maji hayo. Anadondosha nitreti ya fedha kutafuta kloridi, na testi tyubu inajaa mashapo meupe papo hapo. Anaandika kwamba chumvi yake ina kloridi. Ameandika alichokiona kwa macho yake, kama alivyofundishwa, naye amekosa, kwa sababu kloridi ile ilitoka kisimani.

Mwalimu aligombana na mkuu wake wiki nzima. Aliingia ofisini na testi tyubu mbili, moja ina maji ya kisima na nyingine ina maji aliyoyakinga kutoka angani, akadondosha nitreti ya fedha kwenye zote. Moja ikawa kama maziwa, nyingine ikabaki ilivyo. Mkuu akaambiwa achague ni ipi atakayowapa watoto wa watu. Alinyamaza, na pesa hazikutoka. Basi Mwalimu akatega mvua. Majaribio hufanywa wakati wa vuli, na mwaka huo vuli ilikuja vizuri. Hakukinga chini ya mabati, kwa sababu mabati huacha zinki na vumbi. Alitandaza mabeseni mapya ya plastiki katikati ya uwanja wa mpira, akakaa nayo usiku chini ya mwavuli ili mbuzi wasiyafikie, akayachuja maji kwa pamba na kuyajaza kwenye madumu yaliyosuuzwa kwa mvua hiyohiyo. Watahiniwa wake wakafanya mtihani kwa maji ya mbinguni.

Lingine linalomuuma ni kile walimu wanachokiita skuli valyu. Katika upimaji wa asidi kwa alkali, mtahiniwa hupewa alama ya usahihi kwa kulinganisha kipimo chake na kile alichokipata mwalimu wake kwa kemikali zilezile. Ni utaratibu wa haki, maana kemikali za shule hii si sawa na za shule ile. Lakini maana yake ni kwamba mkono wa mwalimu ukitetemeka, au akijaza namba bila kupima kwa kuwa amechoka kuwa mwalimu na fundi wa maabara kwa pamoja, chumba kizima kinapimwa kwa rula iliyopinda. Mwalimu alirudia kipimo chake mara 4, 5, mpaka kikatulia. Anauliza ni wangapi wanaofanya hivyo leo.

Naielewa hasira yake. Shule niliyosoma mimi sitaitaja, lakini bureti tulizishika kwa mara ya kwanza wiki tatu kabla ya mtihani, watu saba kwa moja. Nakumbuka kugeuza koki kwa vidole vilivyolowa jasho, tone moja likapita, na chupa iliyokuwa na waridi hafifu ikageuka waridi la kupiga kelele. Hakukuwa na kemikali ya kurudia. Niliandika namba ya jirani yangu.

Baada ya hapo habari ni fupi. Mwaka 1998 Japani iliingia kwa mradi wa SMASSE wa kuwanoa walimu wa hisabati na sayansi, ukaanza na wilaya 9 za majaribio kama Kajiado, Makueni na Kakamega. Kwale haikuwemo. Ulipoenea nchi nzima kuanzia 2003, walimu wa huku nao walifundishwa kubuni vifaa kwa vitu vya mazingira, na Mwalimu alihudhuria. Anasema alikutana na yaleyale aliyofunzwa na Waswidi. Mwaka 2019 Peter Tabichi, mwalimu wa sayansi katika shule ya kijijini Nakuru, alishinda tuzo ya mwalimu bora duniani, tukashangilia wiki moja.

Na katika miaka hiyohiyo kemia iliiamkia Kwale mlangoni. Kuanzia mwisho wa 2013 Base Titanium ilichimba hapa ilmenaiti, rutaili na zirkoni, shehena zikapakiwa melini Likoni, mpaka machimbo yalipofungwa Desemba 2024. Kilima cha Mrima kina niobiamu na madini adimu yanayotafutwa na dunia nzima. Mwaka 2013 Gazi na Makongeni zilianza kuuza hewa ukaa kupitia Mikoko Pamoja, mradi wa kwanza duniani wa kijamii wa kuuza kaboni ya mikoko, katika hekta 117. Fedha zake zimeleta maji na vitabu vya shule. Ukizama katika tope la mikoko mguu unatoka na harufu ya mayai viza. Ni hidrojeni salfidi, inayotengenezwa na bakteria wanaopumua salfeti ya bahari mahali ambapo oksijeni haifiki, na ni ukosefu huohuo wa oksijeni unaoifanya kaboni ikae chini bila kuoza. Mtoto wa Gazi anaijua harufu hiyo kabla hajajua kusoma. Kidato cha Tatu anakutana nayo kwenye ukurasa wa salfa, kwa Kiingereza, na mfano unaotolewa ni salfidi ya chuma na asidi ambavyo shule yake haina.

Nasema wazi kwamba hili ni aibu yetu. Kaunti iliyouza madini na sasa inauza hewa haikupaswa kufika 2026 ikihesabu ni shule zipi zina maabara.

Tuliporudi kwake jua lilikuwa limeshuka. Mwalimu alimtuma mjukuu wake, msichana wa Gredi ya 10 aliyechagua sayansi, alete chokaa ya tambuu ya bibi yake. Akakoroga kijiko kimoja katika glasi ya maji ya mvua, akaiacha mpaka unga ukatulia chini, kisha akamimina yale maangavu kwenye glasi nyingine. Akampa mjukuu mrija wa soda, akamwambia apulize taratibu, asivute.

Msichana akapuliza. Baada ya pumzi tatu au nne maji yakaingia ukungu, yakawa meupe kama tui la pili. Babu akamwambia kwamba weupe ule ni jiwe la tanuu limerudi, limetengenezwa kwa pumzi yake. Msichana akataka kuuweka chini mrija.

"Endelea," babu alisema.

Akaendelea mpaka mashavu yakamuuma. Weupe ukaanza kupungua, kidogo kidogo, na maji yakarudi kuwa maangavu. Alimtazama babu yake, akatazama glasi, akaomba kijiko kingine cha chokaa.