Aurangzeb na Upeo wa Dola ya Mughal

Aurangzeb Alamgir (1618–1707), mfalme wa sita wa Dola ya Mughal katika Bara Hindi, alitawala tangu mwaka 1658 hata kufa kwake, na zama zake dola hiyo, aliyoiasisi Babur mwaka 1526, ilienea kuliko wakati wowote mwingine, kuanzia Kabul hata kukaribia ncha ya kusini.

Ufalme hakuupata kwa salama. Baba yake, Shah Jahan, mjenzi wa Taj Mahal, alipougua mwaka 1657, wanawe wanne walichomoleana panga. Aurangzeb akamshinda kaka yake Dara Shikoh huko Samugarh, akamwua mwaka 1659, na mzee mwenyewe akamfungia katika ngome ya Agra mpaka alipofariki mwaka 1666.

Alikuwa mtu wa ibada, asiyependa anasa, na kwa amri yake maulamaa walikusanya Fatawa-e-Alamgiri, kitabu kikubwa cha fikihi ya Kihanafi. Mwaka 1679 aliirudisha jizya, kodi ya wasio Waislamu, aliyoiondoa mfalme Akbar mwaka 1564, na wengi hudai kuwa hapo ndipo dola ilipoanza kuharibika. Dai hili lina ukweli, lakini halitoshi, maana maamiri wa Kihindu katika utumishi wake walikuwa wengi kuliko wa enzi ya baba yake.

Maradhi yenyewe yalikuwa katika mapato. Kila amiri alikuwa na daraja, iitwayo mansab, iliyomlazimu kuweka idadi maalumu ya askari wapanda farasi, na ujira wake ulikuwa jagir, yaani haki ya kutoza kodi ya ardhi katika wilaya fulani, ambayo aliondolewa baada ya miaka michache ili asijifanye mwenyeji. Utaratibu huu ulifaa madhali wilaya za kugawa zilikuwapo. Mwaka 1681 Aurangzeb alishuka Deccan, uwanda wa kusini, akautwaa ufalme wa Bijapur mwaka 1686 na ule wa Golconda mwaka 1687, kisha mwaka 1689 akamwua Sambhaji, mfalme wa Wamaratha, mwana wa Shivaji aliyeuasisi ufalme wao. Lakini maamiri wa falme zilizoshindwa, pamoja na wakuu wa Kimaratha waliovutwa kwa vyeo, wote walidai jagir, na huku mashamba yenyewe yamekwisha kukanyagwa na majeshi. Amiri asiyepata kodi hakuweza kulisha farasi, na asiye na farasi hakuwa na la kufanya ila kupatana na adui kwa siri. Nao Wamaratha, walioongozwa tangu mwaka 1700 na Tarabai, mjane wa Rajaram nduguye Sambhaji, hawakuwa na mji mmoja ambao ukitekwa vita vimekwisha. Kaskazini, kwa Wajat, Masingasinga na Warajput wa Marwar, mambo yalichafuka vilevile.

Aurangzeb alifia Ahmadnagar, umri wake miaka 88, asiione Delhi tena. Wanawe wakapigana kama yeye alivyopigana na nduguze, na mwaka 1739 Nadir Shah wa Uajemi aliingia Delhi, akaondoka na hazina pamoja na Kiti cha Tausi cha Shah Jahan.