Theluji ya Kibo na Maji ya Mifongo

Luteni Alexander Nyirenda alipoisimika bendera ya taifa na Mwenge wa Uhuru juu ya Kibo, usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba, 1961, aliisimika kando ya barafu. Tangu hapo kilele cheupe kimekuwa mali ya Watanzania wote, hata wale ambao hawajapata kufika Moshi. Tumekiona katika vitabu vya shule, katika nembo ya taifa na katika picha za kalenda. Weupe huo sasa unapungua, na msomaji akiulizwa hasara yake ni nini, mara nyingi hujibu kwamba barafu ikiisha mito itakauka. Jibu hilo tumelisikia madarasani mara nyingi, nasi tumeona vema kulichungua, maana ndani yake mna kosa lenye madhara.

Tuanze na theluji yenyewe. Mzungu wa kwanza kuandika kwamba aliiona ni Johannes Rebmann, mmisionari wa Rabai, tarehe 11 Mei, 1848. Mmoja wa viongozi wake wa safari, alipoulizwa kitu kile cheupe ni nini, alijibu neno moja tu: baridi. Habari hizo zilipofika Ulaya, bingwa mmoja wa jiografia aitwaye Desborough Cooley, ambaye hakupata kukanyaga nchi hizi, alizikanusha kwa miaka mingi, akisema haiwezekani theluji ikae karibu na Ikweta. Wachagga, waliokuwa wakiitazama kila alfajiri, hakuna aliyewauliza.

Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni mwezi wa Oktoba, 1889, wakiwa wametumikiwa hadi mlimani na wapagazi ambao vitabu vingi huwataja kwa jumla tu. Meyer alirudi mwaka 1898, akakuta barafu imekwisha kupungua. Ramani nzuri ya kwanza ilitokana na safari ya Fritz Klute na Eduard Oehler ya mwaka 1912, na kwa ramani hiyo barafu ilipimwa kuwa kilomita za mraba zipatazo kumi na moja na nusu. Mwaka 2011 zilibaki kama kilomita 1.8 tu. Yaani katika muda wa karne moja, sehemu 85 katika kila mia zilitoweka.

Kwa nini? Hapa hatuna budi kwenda polepole. Wataalamu waliochunguza Kibo wanaeleza kwamba ukame uliikumba Afrika ya Mashariki mwishoni mwa karne ya 19, wakati maji ya Ziwa Viktoria yaliposhuka sana baada ya mwaka 1880. Theluji ikaanguka kidogo, mawingu yakapungua, na jua kali likawa linaigeuza barafu kuwa mvuke bila kuiyeyusha kwanza. Kwa hiyo mwanzo wa kupungua kwake hatuwezi kuupachika moja kwa moja kwenye moshi wa viwanda. Lakini joto la dunia lililoongezeka baadaye, kwa sababu ya makaa ya mawe na mafuta yaliyochomwa hasa katika nchi tajiri, limezidi kuinyima barafu nafasi ya kujijenga upya. Lonnie Thompson wa Marekani alitoboa barafu hiyo mwaka 2000, akakuta tabaka zenye umri wa miaka ipatayo 11,700. Mwaka 2002 yeye na wenzake wakatabiri kwamba yote itakwisha kati ya 2015 na 2020. Mwaka 2020 ulipita na mabaki yangali yapo. Wapo waliocheka. Mwaka 2022 Unesco ilitaja 2050 kuwa mwaka ambao barafu ya Kilimanjaro itakuwa imetoweka. Kukosea tarehe si sawa na kukosea mwendo wa jambo.

Sasa turudi kwenye mito. Maji ya mito ya Kilimanjaro hayatoki katika barafu, ila kwa kiasi kidogo mno. Hutoka katika msitu, ulio kama mkanda kiunoni mwa mlima, unaopokea mvua nyingi na kunasa ukungu kwa majani na ndevu za miti yake, kisha kuyaachia maji ardhini taratibu hadi kwenye chemchemi. Anayekodolea macho kilele peke yake huenda asiuone msitu ukiungua. Na unaungua. Andreas Hemp, aliyeichunguza mimea ya mlima huu kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba moto, ukisaidiwa na hali ya ukavu, umeushusha mpaka wa juu wa msitu kwa mamia ya mita tangu mwaka 1976. Mashina makubwa ya miti ya juu, yaliyokuwa yakikamua ukungu, yamekuwa vichaka. Mwezi wa Oktoba, 2020, na tena Oktoba, 2022, taifa zima liliona moshi juu ya mlima. Kwa kupotewa na ukungu ule, twapotewa na maji mengi kuliko ambayo barafu ilipata kutupa.

Maji hayo ya msitu ndiyo yaliyojenga utamaduni wa Uchagga. Muda mrefu kabla ya wakoloni, wazee walichimba mifereji, yaani mifongo, kutoka kwenye mabonde ya juu ikapita ubavuni mwa vilima hadi vihambani. Harry Johnston aliistaajabia alipofika mwaka 1884. Hakukuwa na chombo cha kupimia mteremko. Lilikuwapo jicho, na maji yenyewe yakifuatwa nyuma ya jembe. Ukoo uliochimba mfongo ndio uliotoa mkuu wake. Kila mwenye zamu ya maji alipaswa kutokea siku ya kuzibua. Asiyetokea alitozwa, na akishupaa alinyimwa maji. Usiku maji yalikusanywa katika mabwawa madogo ili asubuhi yatoke kwa nguvu. Walitambikiwa wazee waliochimba. Kwa maji hayo ulezi ulilimwa wakati wa kiangazi, na bila ulezi hakuna mbege, na bila mbege palikuwa na posa gani, au kesi gani iliyosuluhishwa? Mfongo ulikuwa baraza, mahakama na shule kwa pamoja.

Leo mkulima wa ulezi ule haonekani sana. Wengi huununua sokoni. Mifongo mingi imekauka au imeachwa, na sababu si tabianchi peke yake: watu wameongezeka, vihamba vimegawanyika, vijana wamekwenda mijini. Kahawa nayo, iliyowaunganisha wakulima katika chama chao mwaka 1925 na kuzaa KNCU mwaka 1933, haistarehe tena. Utafiti uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha kwamba katika nyanda za juu za nchi yetu, joto la usiku likiongezeka kwa digrii moja, kila hekta hupoteza kilo zipatazo 137 za kahawa. Usiku wa baridi ulikuwa sehemu ya mtaji wa mkulima, ingawa hakuna aliyeuandika katika daftari la ushirika.

Serikali haikukaa kimya. Kilimanjaro ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1973, na mwaka 2005 msitu wote ukaingizwa ndani yake. Mwaka 1991 iliundwa ofisi ya bonde la mto Pangani ili kugawa maji kwa haki, maana maji yale yale yanahitajiwa na mashamba ya mpunga na miwa tambarare, na mitambo ya umeme ya Nyumba ya Mungu, Hale na Pangani. Nia ni njema. Hata hivyo, mzee aliyerithi mfongo kwa babu yake sasa hutakiwa awe na hati na alipe ada ya maji, na mara nyingi husikia mfongo wake ukiitwa upotevu wa maji kwa kuwa mfereji wa udongo huvuja. Ni kweli unavuja. Lakini maji yanayovuja hunywesha migomba iliyo kando, mengine huibuka tena chini. Twadhani hesabu ya maofisa ingekuwa kamili zaidi kama ingeyahesabu na hayo.

Mwalimu aliye karibu na mlima anaweza kuwapeleka wanafunzi wake kwenye mfongo ulio hai, siku ya kuzibua, awaache wamsikilize mkuu wa mfongo akiita majina ya wenye zamu. Watauona mkono wa kila mtu katika tope. Wakiinua macho, wakati wa asubuhi kabla ya mawingu, watauona na weupe uliobaki.